Jinsi ya Kuidharau Mahakama kwa Heshima Zote

Anayetaka kuidharau mahakama Arusha hakosi ya kuchagua. Tunayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, tunayo Mahakama ya Afrika Mashariki, tunayo Mahakama Kuu yetu wenyewe na zote zilizo chini yake. Mwongozo huu ni wa wafanyabiashara, kwa hiyo tuchukue jambo dogo: mtu kakodisha Land Cruiser sita za watalii kwa kampuni ya safari, kodi imesimama tangu Aprili, na magari yananukia kuvuka mpaka wa Namanga.

Tuanze na mwenye magari. Usiwahi mahakamani. Vuta miezi minne ukimtumia mdeni wako salamu za Jumapili, kisha Ijumaa alasiri mkurupushe wakili apeleke maombi ya zuio chini ya hati ya dharura. Akiulizwa dharura hiyo ilikuwa wapi tangu Aprili, mwachie mwenyewe, ndiyo kazi anayolipwa. Kwenye kiapo, piga hesabu ya hasara yako hadi senti ya mwisho. Hapo umejimaliza. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, 1969, mahakama zetu huuliza mambo matatu: je, kuna hoja nzito ya kuamuliwa na dalili kwamba mwombaji anaweza kushinda, je, bila zuio ataumia kwa namna ambayo fidia haiwezi kuponya, na nani ataumia zaidi, mwombaji akinyimwa au mwenzake akizuiwa. Hasara iliyohesabika vizuri namna hiyo ni hasara inayolipika, na wakili wa upande wa pili atakushukuru kwa jedwali lako. Wapo wanaoshauri ueleze tu kwamba gari likishavuka mpaka hulioni tena. Hao wanaharibu mchezo.

Zuio likitoka, shauri la msingi lisahau. Wengi wetu ndivyo tunavyofanya: kwetu zuio ndiyo hukumu, mshindi kapatikana, twendeni Kwa Mrombo tukale nyama.

Sasa wewe uliyekodi, chalii yangu. Amri imetolewa kwa kusikiliza upande mmoja, inasema magari yasitoke mkoani. Kwanza kabisa, hujaiona. Mpeleka nyaraka akija ofisini Sakina, wewe uko Usa River. Akifika Usa River, umeshapanda Ngare Nanyuki kwenye msiba wa mjomba. Msiba ni mzuri, maana si rahisi hakimu kumhoji mfiwa. Tatizo ni simu. Wakili wa mwenzako alikutumia picha ya amri kwa WhatsApp, ukajibu "sawa", na hiyo "sawa" sasa ni kielelezo kwenye kiapo chake. Ikithibitika ulijua amri ipo, kusema hukuishika karatasi hakutakusaidia.

Ukibanwa, jifiche nyuma ya kampuni. Kampuni haina miguu ya kuingilia gerezani. Bahati mbaya wakurugenzi wanayo, na ndiyo maana kuna anayewaza kukimbilia BRELA, kwa msajili wa kampuni, amwandikishe mlinzi wa geti kuwa mkurugenzi. Mlinzi atafurahi sana, mpaka siku ya kuitwa mahakamani. Siku hiyo atasema yote anayoyajua, na mlinzi wa geti anajua magari yalitoka saa ngapi.

Njia safi ni kuwahi. Zuio huzuia lijalo, na gari lililovuka Namanga jana yake mawakili watasema maombi yamepitwa na wakati. Hakikisha tu kwamba kweli ilikuwa jana. Muhuri wa forodha hauna undugu na mtu.

Waliobobea hawahitaji hata kuvunja amri. Novemba 2006, hapa hapa Arusha, Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake waliiomba Mahakama ya Afrika Mashariki iwazuie kwa muda wateule wa Kenya wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki. Ikawazuia. Hakuna aliyekimbilia msibani. Desemba hiyo hiyo wakuu wa nchi waliurekebisha Mkataba wenyewe wa Jumuiya: mahakama ikagawanywa ngazi mbili, na sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa. Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki kilipolalamika, mahakama ilikubali kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Marekebisho yakabaki.

Wewe huna mkataba wa kimataifa wa kurekebisha. Una Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayoruhusu mali ya mkaidi ikamatwe na mwenyewe awekwe ndani kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa Arusha, ndani ni Kisongo, ambako ndiko njia ya Manyara na Ngorongoro, kwa hiyo biashara ya utalii hutaikosa kabisa.

Lakini usikate tamaa. Amri hiyo hiyo ya 37 inasema zuio haliishi zaidi ya miezi sita. Laweza kuongezewa muda, jumla usizidi mwaka, mradi aliyelipata aombe mwenyewe na aonyeshe kwamba amekuwa akihangaikia kumaliza mgogoro. Yule aliyeko Kwa Mrombo hukumbuka hilo mwezi wa saba.