Namna ya Kujenga Setilaiti Inayomtii Kila Mtu

Umeamua kuunda setilaiti hapa Katubuka, uwauzie wavuvi wa Kibirizi habari za upepo wa ziwani. Safi. Wakenya walirusha Taifa-1 mwezi Aprili 2023, Waganda wakiwa wametangulia na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Fuata maelekezo haya, na kabla roketi haijawashwa chombo chako kitakuwa na wenyewe wengi.

Programu ziandikie kwenye kompyuta ileile wanayopakulia muvi watoto wa shemeji. Zibebe kwa flashi, na flashi ipitie stesheneri za Mwanga kuchapisha ankara. Ikitoka huko salama, irudishe.

Vipuri agiza penye bei ya chini, wala usiulize nani aliandika programu iliyomo ndani. Mwaka 2020 iligundulika kwamba wadukuzi walificha mzigo wao ndani ya masasisho ya programu ya kampuni ya SolarWinds, na wateja wapatao 18,000 wakajipakulia wenyewe. Wewe nani ukose imani?

Sasa amri za redio, na hapa usiharakishe. Setilaiti isimuulize yeyote yeye ni nani. Mhandisi akilalamika, mwambie masafa yetu hayajulikani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, walichapisha uchambuzi wa programu za setilaiti tatu. Katika ESTCube-1, kazi ya wanafunzi wa Estonia, wakakuta amri hazina ulinzi wowote. Wale walikuwa wanajifunza. Wewe una wateja wanaolipa, kwa hiyo uzembe wako una soko.

Ule mlango wa majaribio wanaoutumia mafundi kurekebishia programu, uache wazi. Kilomita 500 juu, bodaboda hafiki kuufunga.

Na kama kwa bahati mbaya chombo kimetoka imara, usikate tamaa, kituo cha ardhini kipo. Tarehe 24 Februari 2022 wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa setilaiti ya KA-SAT wa kampuni ya Viasat kupitia VPN iliyosetiwa vibaya, wakaua makumi ya maelfu ya modemu. Huko Ulaya ya Kati mitambo 5,800 ya upepo haikuweza tena kusimamiwa kwa mbali. Setilaiti yenyewe hawakuigusa.

Mkaguzi wa usalama akija, mpe mgebuka wa kuchoma na umjibu kila swali "lipo kwenye mpango". Bajeti yake iandike chini kabisa, baada ya fulana za uzinduzi. Fulana ziwe na picha ya timu nzima mbele ya ubao, ule wenye nywila.