Nauzwa Pamoja na Nyaya

Kwamba mwenye kebo ya mtaa wetu anauza biashara, sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na Mangi dukani huku akinipimia sukari, maana habari zote zinazotuhusu hutufikia kwa njia hiyo. Mnunuzi ana gari jeupe na inasemekana ana "mipango". Neno hilo huniumiza tumbo. Sijawahi kukutana na mwenye mipango ambaye hakuanza na kupandisha ada.

Basi nikakaa kumtathmini, kwa kuwa hakuna aliyeniomba.

Ananunua nini hasa? Madishi juu ya paa, mojawapo limepinda tangu mvua za vuli. Chumba cha ving'amuzi chenye joto la kuoka mkate. Halafu waya unaozunguka mtaa mzima, ukiegemea nguzo za miti, mwembe wa Mama Neema na kona ya msikiti. Mawimbi huchoka kadiri waya unavyorefuka, kwa hiyo njiani wamening'iniza amplifaya ndani ya makopo ya plastiki. Kazi ya amplifaya ni kukuza picha, ila inakuza na chenga bila ubaguzi. Ndiyo maana walio karibu na mitambo wanaona goli, sisi wa bondeni tunasikia kelele na kukisia nani kafunga. Tena makopo hayo yanakula umeme wa nyumba za juu. Ukikatika kule, sisi wenye umeme tunakodolea kioo cheusi, na ada iko palepale.

Hakuna mwenye akili timamu atakayelipia mali hiyo. Anacholipia ni daftari: fulani analipa tarehe moja, fulani mpaka akatiwe, fulani ni shemeji wa mwenye mali, asiguswe. Kwa lugha nyingine, mali yenyewe ni mimi. Na sijaulizwa.

Sheria ipo. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, leseni haipewi mtu mwingine bila kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tume ya Ushindani nayo hukagua miungano ya makampuni, ila ile mikubwa, na mtaa wetu haufiki kiwango hicho hata tukihesabiwa na mbuzi. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo ukimaliza kulitamka jina lote, hasira imeshapoa.

Wamarekani wao, kwa sheria yao ya 1992, mji uliotoa kibali cha kebo ukishapokea taarifa kamili kwenye Fomu 394 unapewa siku 120 za kumchunguza mnunuzi: anakubalika kisheria, ana fedha, anaujua ufundi? Siku zikipita mji umenyamaza, basi umekubali. Kwenye kunyamaza, mtaa wetu ungekuwa bingwa wa dunia.

Juzi mnunuzi alikuja kusalimia, soda zikatoka. Vijana wakauliza kama ligi ya Uingereza itakuwepo. Itakuwepo. Mama Neema akauliza tamthilia za Kituruki. Zitakuwepo, tena zilizotafsiriwa. Fedha anazo, gari lilikuwa nje linashuhudia. Nikanyoosha mkono: "Samahani mheshimiwa, Dogo utabaki naye?"

"Dogo nani?"

Watu wakanicheka. Lakini ramani ya mtandao huu haijawahi kuchorwa popote. Iko kichwani mwa Dogo, fundi. Ndiye anayejua kiungio gani kimefungwa kwa nailoni, na waya gani ukivutwa unazima nyumba ya diwani. Daftari linauzwa, madishi yanauzwa, na Dogo hayumo kwenye mkataba. Mnunuzi akasema ataleta "timu ya wataalamu kutoka makao makuu". Hao nitawaona kwenye mwembe mvua ikinyesha.

Jana mwenye kebo alimtuma mkusanyaji wake atulipishe miezi mitatu mbele, ati tumuage mzee vizuri. Nikamwambia asubiri, natathmini bado. Nikatoka kumtafuta Dogo nimpe pole kwa kusahauliwa, nikamkuta juu ya ngazi kwa jirani, anafunga dishi jipya.

"Mzee, achana na kebo," akaniita kutoka juu. "Nunua king'amuzi chako. Kufunga nakufungia bure, utanipa ya maji tu. Na wewe ni wa kumi na nne kwenye daftari langu."