Mzimu wa Mwaka 1978

Vijana wa filamu, karibuni kijijini kwetu Bungu. Mikorosho ipo, giza lipo, na wazee wa kuigiza wazee hawatozi ghali. Lakini tuelewane kwanza.

Hii mbinu mnayoitaka, ya kupiga filamu ya bei poa, kisha kuikwaruza ionekane kipindi cha kale cha televisheni kuhusu mizimu, ina kwao. Tarehe 31 Oktoba 1992 BBC ilirusha Ghostwatch, mchezo wa kutunga uliojifanya matangazo ya moja kwa moja, ukiongozwa na mtangazaji halisi, Michael Parkinson. Waingereza wakaingia kiwewe, simu zikafurika.

Sasa wewe unataka kuandika pembeni ya picha yako, "Bungu, 1978". Kamera ya nani, mwanangu? Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Huku bara tulisubiri hadi 1994. Usiku ule Waingereza wakihaha, sisi tulikuwa na redio tu. Mzimu wa Bungu, ili uhojiwe, ungelazimika kushuka bandarini Nyamisati kutafuta jahazi la Unguja.

Mwongozaji filamu Mussa Banzi hakujisumbua hivyo. Filamu yake Nsyuka, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwatisha watu kwa video ya kawaida, bila mikwaruzo ya kupakua kwenye simu.

Kama ni lazima mzimu wenu uwe wa zamani, mpelekeni redioni. Na wale wazee walipeni siku hiyohiyo, taslimu.