Kanda Zetu Zimelala Salama

Waingereza hawana subira. John Lennon aliacha kaseti yenye wimbo wa miaka ya 1970, na mwaka 2023 mwenzake Paul McCartney akashindwa kuvumilia: akaumalizia, akautoa. Sisi tuna adabu. Waimbaji Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walirekodi Redio Tanzania enzi za bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, na kanda nyingi za zama hizo zimetunzwa vizuri kiasi kwamba hata mwenye pesa mkononi hazipati. Gurumo alifariki 2014. Haraka ya nini? Hapa Songea utunzaji tunaujua: kichwa cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani 1906, inasemekana wanacho mpaka leo, hawajakitoa. Wanaoharibu ni hawa vijana wa stendi, wanaokujazia Sikinde kwenye flashi kwa bei ya soda.