Sifa za Quidam na Jamaa Zake

Katika sarufi ya Kilatini, vitenzi vina mashabiki wao na nomino zina heshima zake. Viwakilishi vya mtu asiyetajwa, yaani quidam, aliquis, quisquam na jamaa zao, huambulia laana za wanafunzi tu. Hiyo ni dhuluma.

Wanaowalaani hawajui kazi yao. Quidam humsema mtu ambaye msemaji anamjua fika ila hataki kumtaja, kama "fulani" wa wambea. Aliquis yupo, lakini hajulikani ni nani. Quivis na quilibet humkaribisha yeyote umtakaye. Quisquam naye huja pale ambapo huenda hakuna mtu kabisa, ndiyo maana hupenda kukaa katika sentensi za kukanusha. Mwanasiasa gani asingetamani ngazi nne za kutotaja jina?

Na maumbo yao je? Quidam hubadilika kichwa, mkia ukabaki vilevile: cuiusdam, cuidam, quendam. Katika quendam, m imegeuka n mbele ya d ili ulimi upumzike. Mswahili asemaye "njia mbaya", wala si "nbaya", hana haki ya kushangaa. Aliquis ni kinyume chake: ali- haitikisiki, kinachocheza ni kiuno, alicuius, alicui, aliquem. Unusquisque, "kila mmoja", ndiye mkarimu kupita wote, maana hubadilika mara mbili ndani ya neno moja. Umbo lake la kumiliki ni uniuscuiusque, herufi 13. Anayelalamika akumbuke kwamba umbo hilohilo linatosha kwa jinsia zote tatu.

Adabu wanayo pia. Aliquis akitanguliwa na si, nisi, num au ne, kwa kawaida huvua ali- mlangoni na kuingia akiwa quis mtupu. Kwamba sasa anafanana na quis wa kuuliza "nani?" ni shida ya msomaji, si yake.

Hata elimu ya juu inawadai shukrani. Katika karne ya 13, walimu wa Chuo Kikuu cha Paris, Thomas Aquinas akiwemo, walifanya midahalo ya hadhara ambamo swali lolote liliruhusiwa. Midahalo hiyo iliitwa quodlibet, mtoto halali wa quilibet.

Upole wao hudhihirika zaidi kwa quisquam, ambaye hana wingi. Mwanafunzi hupunguziwa nusu ya jedwali, kisha ukurasa unaofuata humweleza kwamba wingi huo huazimwa kwa ullus, mwenye jedwali lake kamili.