Mama Hana Mega

Skype ilipozimwa tarehe 5 Mei 2025, dunia haikutikisika. Magazeti ya Ulaya yalisimulia wasifu wa marehemu kwa kifupi: ilizaliwa 2003 kwa akili ya Mswidi Niklas Zennström, Mdenmaki Janus Friis na mafundi wao wa Estonia, eBay ikainunua 2005 kwa dola bilioni 2.6, Microsoft ikaichukua 2011 kwa dola bilioni 8.5. Wateja wakaelekezwa Teams, waliokuwa na salio wakaachiwa nafasi ya kulimaliza, na habari ikaishia hapo. Kwetu Mulekera, mojawapo ya komini nne za mji wa Beni nchini Kongo, habari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Mama yangu hajawahi kuiona Skype. Aliitumia miaka mingi bila kujua kwamba ipo. Mdogo wangu aliyeko Montréal alikuwa ananunua salio, anapiga kwa kompyuta yake, na huku Beni simu ya Mama, ile ya vitufe yenye tochi, inalia juu ya kabati. Mama anafuta mikono kwenye kitenge, anabonya kitufe cha kijani, anasema "Alo!" kwa sauti ambayo ingefika Butembo hata bila simu, na Butembo ni kilomita hamsini na kitu. Hakuna mega za intaneti, hakuna linki, hakuna nenosiri. Sauti ya mtoto inasafiri kwa intaneti mpaka inapofika huku, inaingizwa kwenye mtandao wa simu za kawaida, na gharama yote inabaki kwa aliye ng'ambo. Hiyo ndiyo huduma iliyokufa. Wasifu wa marehemu haukumtaja Mama hata kwa bahati mbaya.

Mdogo wangu alitangaza kwamba mbadala ni nyingi. Ni kweli, ni nyingi mno. Tena kulikuwa na haraka: binti wa dada yetu alikuwa ameposwa, na mahari ya kwetu Wanande haijadiliwi kwa ujumbe wa maandishi. Mbuzi wanahitaji sauti.

Tukaanza na WhatsApp, kama kila mtu. Binamu yetu wa Dubai alikuwa amemwachia Mama simu ya mtumba, kubwa, yenye kioo, ambayo tuliitunza kwa heshima ndani ya kitambaa. Ilikuwa na Android 4.4. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp haikubali Android 4.4. Maana yake simu ile ilitangulia kufa miezi minne kabla ya Skype, nasi tulikuwa tunaitumia kuangalia saa. Tukachanga, ikanunuliwa nyingine. Mama aliipokea kwa shukrani, kisha jioni akaleta mashtaka.

"Hii simu yenu inakula kuliko watu. Asubui nimeiwekea mega, sijaongea na mutu, mega zimekwisha. Na moto wa betri pia umekwisha. Ile yangu ya zamani inakaa juma nzima."

Nikamweleza kuhusu programu zinazojisasisha zenyewe usiku. Aliniangalia kama ninayemtetea mwizi. Mama wa kabini, anayeuza mega karibu na kwetu, alifurahi sana kipindi hicho. Alianza kutuamkia kwa jina la ukoo.

Shida kubwa hata hivyo haikuwa Mama. Ilikuwa ramani. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana tangu zamani kwa safari zao za Dubai na Guangzhou, na ukoo wowote wenye duka una mtu upande huo. Sasa jaribu kuwakusanya. Dubai, WhatsApp inapitisha ujumbe lakini simu yake imezibwa. Watu wa kule wanatumia Botim. Uchina, WhatsApp yenyewe haifunguki. Mjomba wetu wa Guangzhou yuko WeChat. Basi tuhamie WeChat sote? Ili upokelewe WeChat unatakiwa udhaminiwe na mtu ambaye tayari yumo, sawasawa na posa, lazima awepo wa kukusemea. Na mdhamini wetu pekee alikuwa Guangzhou, amelala. Shangazi wa Kampala akapendekeza Facebook, akisahau kwamba nchini Uganda imefungwa tangu Januari 2021 na yeye huingia kwa VPN ambayo kijana wake humwashia. Kwa hiyo shangazi huyu, kwa mujibu wa simu yake, anaishi Uholanzi.

Ongeza na tofauti za saa. Wakati wa kiangazi cha kule, saa nane mchana Montréal ni saa mbili usiku kwetu, saa nne usiku Dubai, na saa nane usiku Guangzhou. Mjomba alikubali kuamka mara moja. Alipoamka, kwetu rezo, yaani mtandao, ilikuwa imekwenda.

Ndipo mdogo wangu akaleta dawa ya kisomi: programu moja ya mikutano inayotumika kazini kwake. Alituma linki. Tukakaa sebuleni tumevaa vizuri, Mama katikati, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya mawese. Nikabonya. Yakatokea maandishi kwamba tusubiri, mwenye mkutano ataturuhusu kuingia. Mama akauliza yameandikwa nini. Nikamsomea.

"Ataturuhusu nani?"

"Kambale, Mama."

"Kambale gani?"

"Kambale wetu, wa Montréal."

"Mimi ndiye nilimuzaa, halafu ananifungia mulango?"

Alisimama, akaenda jikoni kuangalia sombe yake. Mlango ulipofunguliwa, mdogo wangu alikuta chupa ya mafuta na mimi. Ilimchukua muda kurudisha heshima yake, na kusema kweli sidhani kama imerudi yote. Wale mabwana waliounda programu za ofisi hawajui kwamba hapa mama mzazi akibisha hodi kwa mwanawe anabisha kwa adabu tu. Jibu tayari analo.

Baadaye tulirudi kwenye WhatsApp, wa Montréal na Kampala tukionana kwa picha, wa Dubai akituma sauti, na mjomba wa Guangzhou akisimuliwa asubuhi. Mama alikuwa hodari isipokuwa kwa jambo moja: simu kwake ni kitu cha sikioni. Ukimpigia kwa picha anaipeleka sikioni. Ukoo mzima ulijadili mahari ukitazama sikio lake na hereni yake ya dhahabu, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kisha likaja suala la Kambale. Wasiotoka kwetu wajue kwamba Wanande huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ni utaratibu mzuri sana mpaka ununue simu mpya na kuhamisha namba. Ukiandika "Kambale" katika simu yoyote ya Beni, inaleta nusu ya mji. Yule kijana wa shangazi wa Kampala, anayeamini anajua simu kuliko sisi wote, alipotutembelea aliunda kikundi cha ukoo kwa kutumia simu ya Mama, akaandika "Kambale", akachagua wa kwanza aliyejitokeza.

Alikuwa Kambale wa moto, yule motari wa pikipiki anayetubebea mihogo kutoka sokoni.

Hakusema neno. Alifuata majadiliano yote: idadi ya mbuzi, blanketi la bibi, sifa na kasoro za ukoo wa mvulana. Nilidhani ukimya ule ni wa mdogo wangu anayewaza. Siku wazee walipokazana kupandisha idadi, ikaingia sauti fupi, na nyuma yake injini ya pikipiki inanguruma: "Wazee wangu, shikamoo. Hao mbuzi ni wengi. Huyo kijana mimi ninamubeba kila siku, hana kitu. Lakini anafanya kazi, na hanywi."

Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta tangu mwanzo. Katika nchi zote hizo na programu zote hizo, hakuna aliyekuwa amemwona mvulana huyo kwa macho yake. Mama akaamua, "Huyu ndiye anaongea akili," mbuzi wakapunguzwa, na motari bado yumo kikundini. Mdogo wangu wa Montréal aliongezwa baadaye, kwa jina la Kambale wa Pili.

Simu mpya yenye kioo nayo imeingia ndani ya kitambaa. Mama ameichoka, nami sina hoja ya kumpinga. Intaneti ilipozimwa nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi (uchaguzi ambao sisi wa Beni na Butembo tuliahirishiwa mpaka Machi kwa sababu ya Ebola na usalama), simu za tochi ziliendelea kuongea kama kawaida, na wenye simu za bei walikuja kuziazima.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayesoma haya ukiwa Montréal, Brussels au Sydney, na una mzazi huku: usimtumie linki. Zipo bado huduma zinazopiga namba ya kawaida, Viber Out ipo, Rebtel ipo. Dakika ya kupiga Kongo haijawahi kuwa rahisi, lakini nunua chache. Piga mapema jioni, kabla hajalala, na simu ikilia mpe muda wa kufuta mikono.