Namna ya Kung'oa Viti vya Nyuma vya Noah Mbele ya Baba Mkwe

Desemba imekaribia. Noah inatakiwa kupanda Moshi, na nyumbani wameshaamua kwamba viti vya nyuma vitoke ili jokofu na magodoro vipate nafasi. Viti havitaki kutoka. Baba mkwe amekaa barazani na kikombe cha kahawa, anakutazama. Sogea karibu nikufundishe namna ya kushinda na, ukishindwa, namna ya kushindwa bila mtu kujua.

Hatua ya kwanza: usivitoe. Viti vya safu ya tatu katika Noah nyingi hunyanyuliwa vikabanwa ubavuni, kimoja kulia na kingine kushoto. Chukua kamba, pima jokofu, pima gari. Mzigo ukienea, tangaza kwa sauti nzito kwamba umeamua kulinda reli za viti, kisha nenda kanywe chai. Kazi imekwisha, na hakuna atakayekuita mvivu, kwa sababu mtu aliyeshika kamba ya kupimia huonekana ana mpango.

Hatua ya pili: fagia. Kiti kinachogoma si lazima kiwe na kutu. Chini ya viti vya nyuma vya gari lenye watoto kuna kokwa za ubuyu, maganda ya karanga, sarafu, vifuniko vya kalamu, na soda iliyomwagika mwaka juzi ikakauka kama gundi. Usipige mafuta hapo. Hiyo ni sukari, na sukari huyeyuka kwa maji ya moto; ukiipaka mafuta unatengeneza tope tu. Kitambaa chenye maji moto, mswaki wa zamani, robo saa ya subira, kisha vuta kishikio tena. Kikifunguka, usimwambie mtu ilikuwa soda. Sema ulikuwa unashughulikia mitambo.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe: kutu.

Noah yako ilianza maisha Japani. Kama ilikaa kaskazini, kule Hokkaido, barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kisha imekuja huku ikapokewa na upepo wa bahari. Chumvi juu ya chumvi. Sasa fikiria boliti la kiti linavyokaa: linashuka kupitia sakafu na kuingia kwenye nati iliyochomelewa, na ncha yake mara nyingi hutokeza uvunguni, inakopigwa matope na maji kila siku. Huku ndani, kichwa cha boliti kiko chini ya kapeti, kisafi, kinang'aa. Ndiyo maana watu hupulizia dawa ya kutu kwenye kichwa, wakangoja dakika mbili, wakavuta kwa hasira, wakalikata boliti. Walitibu upande usioumwa.

Wewe ingia uvunguni. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamewekewa vizuizi. Ukilinyanyua, usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, weka stendi madhubuti. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa, maana jeki huteleza. Itafute ile ncha, isugue kwa brashi ya waya mpaka uone nyuzi, kisha ipulizie. WD-40 ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, nayo husaidia, lakini dawa iliyotengenezwa mahsusi kupenya kutu ni bora zaidi. Mafuta ya breki, ambayo mafundi wengi huyatumia, hula rangi ya gari, kwa hiyo yaweke mbali na bodi. Rudia magharibi, rudia kabla ya kulala. Halafu lala. Usiku ndio utakaofanya kazi, na sifa utachukua wewe asubuhi.

Alfajiri, kabla baba mkwe hajatoka kuswaki, rudi na spana. Mara nyingi ni ya 14. Tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili, kwa sababu ile ya kumi na mbili hutafuna kichwa cha boliti kilichochoka. Na sasa siri ambayo wenye haraka hawaipendi: anza kwa kukaza. Kidogo tu. Ukisikia mlio mkavu, kutu imeachia. Legeza robo mzunguko, rudisha, pulizia, legeza nusu, rudisha. Unasafisha nyuzi unapokwenda. Likikaidi, ivalishe spana kipande cha bomba: mkono wa sentimita 30 ukifika 60, nguvu yako ileile inafanya kazi mara mbili. Lakini kama boliti linazunguka polepole bila mlio wowote, linalegea mkononi huku kichwa hakipandi juu, acha mara moja. Linajinyonga, na mvuto mmoja zaidi litakatika.

Moto usiutumie. Tangi la mafuta na mabomba yake viko chini ya sakafu hiyohiyo, na sponji ya viti ikishika moto hutoa moshi wenye sumu. Ukiona soketi ya waya ya rangi ya njano chini ya kiti chochote, hiyo ni ya mfumo wa mifuko ya hewa. Zima gari, chomoa waya hasi wa betri, ngoja dakika chache ndipo uiguse.

Hatua ya nne: shindwa kwa heshima. Boliti limekataa? Funga mlango, vaa shati safi, sema unakwenda kujaza upepo. Peleka gari gereji. Mwambie fundi alegeze maboliti yote, kisha ayarudishe kwa mkono tu. Mlipe vizuri na umshukuru, kwa sababu amekuokolea sakafu na ndoa. Rudi nyumbani taratibu, viti vitupu, asikae mtu juu yake.

Hatua ya tano: onyesho. Subiri baba mkwe amimine kahawa ya pili. Kunja mikono ya shati, piga goti, weka soketi, nyamaza kidogo, kisha zungusha kwa vidole viwili. Usitabasamu. Kiti kitoe pamoja na shemeji, kwa sababu ni kizito na kingo zake zina makali. Kila boliti lirudishe hapohapo kwenye tundu lake, mizunguko miwili mitatu. Maboliti ya mikanda usiyachanganye na ya viti: katika magari mengi nyuzi zake ni za kipimo cha inchi, na la kiti likilazimishwa humo linaharibu nati.

Viti viweke ndani. Vikikaa barazani vitageuka sofa, na mwezi wa pili utakuwa unaviomba.

Njiani kwenda Moshi, abiria ni wale tu wenye kiti na mkanda. Mpwa anayeomba kukaa juu ya godoro akatae mama yake, akatae shangazi, na wewe ukatae mara ya tatu. Mpandishe basi, nauli utoe wewe.

Siku ya kurudisha viti, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za maboliti ya viti, yale ya mikanda yaache makavu, na vuta kila mkanda kwa nguvu ukimaliza. Baba mkwe akitaka kusaidia, mpe kazi ya kuanzisha maboliti kwa vidole. Boliti linaloanza kombo huua nati, kwa hiyo ni kazi ya mtu makini, na haina jasho. Akishaiona inakwenda laini mkononi mwake, hataulizia habari za fundi.